Jirani Wetu wa Majabalini

Nani asiyeijua Mwanza kwa mawe yake? Mgeni afikaye kwa meli au kwa barabara itokayo Shinyanga huyaona mbele ya yote: majabali makubwa yamepandana mlimani, mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba yataanguka kesho, nayo yamekaa hivyo tangu zamani za zamani. Huko Mkuyuni nyumba zimepanda kilima hata zikaingia katikati ya mawe hayo, na pengine ukuta wa nyuma wa jiko ni jabali lenyewe. Mwenye kujenga mahali kama hapo, akilima tuta la mboga nyuma ya nyumba, mara hugundua kwamba yuko mwingine aliyemtangulia kufika. Asubuhi matembele yamekatwa kama kwa kisu, miche ya sukuma wiki imebaki vijiti vitupu, na juu ya mwamba vinyama vya rangi ya udongo vimejipanga kuota jua, vyamtazama mwenye bustani bila haya yoyote.

Hao ni pimbi. Somo letu la leo lawahusu wao, kwa kuwa vita baina yao na wenye nyumba vimekuwa vya kila kiangazi, na katika vita hivyo iko silaha moja ambayo hatuwezi kuinyamazia, yaani sumu.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana wengi humchanganya na kindi, na wengine humwita panya mkubwa. Kindi ana mkia mrefu wa manyoya, naye ni wa jamaa ya panya kweli. Pimbi hana mkia wa kuonekana. Kosa la kindi ni jingine pia: yeye hufukua mbegu za mahindi zilizokwisha pandwa, kama wataalamu walivyomwona akifanya huko Kenya, na karanga huzipenda mno, dawa yake ni kulinda shamba katika siku zile chache kabla mbegu haijaota. Pimbi hana haja na mbegu. Yeye ni mla majani, machipukizi na matunda, na uzito wake ni kilo mbili mpaka tano hivi. (Vijana wa siku hizi wamelifanya jina lake kuwa tusi la kumwitia mtu mjinga. Msomaji akifika mwisho wa somo hili ataona kama tusi hilo lina haki.)

Ajabu ya kwanza ni ukoo wake. Wataalamu wa wanyama wamechunguza mifupa, meno na damu, wakathibitisha kwamba ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mtazame akipiga mwayo, utaona meno mawili ya mbele ya juu yaliyochongoka, ambayo hukua maisha yake yote kama pembe za tembo. Vidole vyake vina kucha butu mfano wa kwato. Nyayo zake ni laini, nazo hutoa unyevu kama jasho, ndiyo sababu aweza kukimbia juu ya jabali lililosimama wima pasipo kuteleza.

Maandiko nayo yamjua, kwa jina la wibari. Zaburi ya 104 yataja miamba kuwa kimbilio lake. Kitabu cha Mithali, sura ya 30, chamhesabu miongoni mwa viumbe vidogo vyenye akili nyingi, kwa kuwa ni dhaifu lakini huchagua jiwe liwe nyumba. Na Torati yamweka pamoja na wanyama wanaocheua. Kwa kweli pimbi hacheui kama ng'ombe, bali hutafunatafuna hata asipokuwa na kitu kinywani, na atazamaye kwa macho tu hawezi kutofautisha.

Sasa tuangalie desturi zake, kwani humo ndimo mwenye bustani atakamopata msaada. Mwili wa pimbi hauwezi kutunza joto vizuri kama wa wanyama wengine. Kwa sababu hiyo hutoka pangoni jua likisha kuchomoza, akajianika mwambani, kisha akala, adhuhuri hujificha, jioni hula tena. Siku ya mvua na baridi hukaa ndani. Huishi kwa makundi, dume mmoja na majike kadhaa na watoto wao, na wakati wengine wanapokula yuko mmoja aliyesimama zamu mahali pa juu. Akiona tai au mbwa hupiga kelele kali, na papo hapo kundi zima hutoweka mwambani. Hawapendi kwenda mbali na nyufa zao. Tena hawachimbi: miguu yao haikuumbwa kwa kuchimba, basi hutumia matundu waliyoyakuta tu. Hayo mawili, kwamba haendi mbali wala hachimbi, msomaji ayashike sana.

Katika majabali ya Serengeti, ambayo si mbali na kwetu, wataalamu walichunguza tangu miaka ya 1970 jinsi pimbi wa aina mbili wanavyoishi katika ufa mmoja, wakilala pamoja na kupashana joto. Hawagombani kwa chakula, kwa sababu mmoja hula zaidi nyasi za chini na mwenzake hupanda mitini kula majani. Bustani ya uani huwapa wote wawili walichokuwa wakikitafuta.

Lakini kwa nini wanashuka? Jibu moja ni kuni. Kilima kikikatwa miti na vichaka, majani yaliyowalisha huisha, na tuta linalonyweshwa maji katika kiangazi hubaki kuwa kijani peke yake mlimani pote. Jibu la pili ni mawe yenyewe. Mtu avunjapo mwamba ili apate kiwanja, au apasuapo kokoto za kuuza, yale mawe makubwa yasiyofaa huyasukuma kando, yakawa lundo nyuma ya nyumba. Yeye huliona ni taka. Pimbi huliona ni nyumba mpya, yenye vyumba vingi na mlango unaoelekea mbogani. Jambo hili si la Mwanza tu. Katika nchi ile ile ya Zaburi, Israeli na Palestina, wajenzi walirundika majabali pembeni mwa makazi mapya na pimbi wakahamia humo. Huko pimbi walibeba vijidudu vya ugonjwa wa vidonda vya ngozi, ambavyo usubi huvihamisha kwa watu kwa kuwauma, na wenyeji wa nyumba za pembeni wakaugua. Ugonjwa wa namna hiyo ulio na asili kwa pimbi umeonekana pia Ethiopia na katika Mlima Elgon upande wa Kenya. Hatusemi hayo ili kumtia mtu hofu, bali aone kwamba mwenye kuweka lundo la mawe ukutani mwake ndiye aliyetoa mwaliko.

Tuje kwenye sumu. Namna yake yajulikana: dawa ya wadudu wa shambani huchanganywa na ugali, mahindi mabichi au vipande vya papai, kisha chakula hicho huachwa karibu na mwamba jioni. Wasemao kwamba ni njia rahisi wafikiri mambo yafuatayo. Chakula kilichotegwa uani hakiandikwi jina la mlaji. Kuku huamka mapema kuliko pimbi. Mbwa na paka hula. Na mtoto wa miaka miwili, ambaye kwake kila kipande cha papai ni papai, naye huchezea uani hapo hapo. Mvua ikinyesha, kilichobaki hushuka na maji mpaka mferejini, na mifereji ya Mwanza huishia ziwani, tunakovua samaki na tunakochota maji.

Tena pimbi aliyekula sumu hafi mahali pa kumwokota. Hukimbilia ndani ya ufa, akafa humo, akaoza mita chache kutoka jikoni, nzi wakajaa, na hakuna mkono uwezao kumfikia. Akifia nje, tai humla, na tai naye hufa. Huko Kenya dawa ya wadudu iliyotiwa katika mizoga imeua simba na tumbusi wengi, kiasi cha kutisha. Nasi twahitaji tai kuliko tunavyodhani, kwa maana wako tai wasioishi kwa kitu kingine. Katika vilima vya Matobo nchini Zimbabwe, ambako tai mweusi wa majabalini amechunguzwa tangu mwaka 1964, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chakula chake ni pimbi. Amwekeaye sumu pimbi humfukuza mlinzi wake mwenyewe asiyedai mshahara.

Zaidi ya hayo, kazi yenyewe haifai kitu. Katika kila kundi madume vijana hufukuzwa na dume mkubwa, wakaenda kutafuta mwamba usio na mwenyewe. Ukiua kundi lililo nyuma ya nyumba yako, umewafungulia hao mlango. Miezi michache, na mwamba umejaa tena.

Sheria pia ijulikane. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yakataza kuwinda mnyama wa porini pasipo kibali, nayo yakataza kutumia sumu. Kisiwani Saanane, palipokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na pakawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, watu hulipa kiingilio wakatembee katikati ya mawe, na pimbi ni mmoja wa wanyama wanaowakuta huko. Ng'ambo ya pili ya maji mnyama huyo huyo hutegewa sumu kwenye sahani.

Basi afanyeje mama mwenye tuta la mchicha? Hatumwambii avumilie, kwa maana mboga ile ni kitoweo cha watoto wake, na pengine ndiyo ada ya shule. Aanze na lundo la mawe. Lichukuliwe, lijengewe ukuta wa kinga ya udongo, au litumike katika msingi. Likiondoka, nyumba ya pimbi imeondoka. Ufa ulio karibu na jiko waweza kuzibwa kwa mawe na saruji, lakini kwa taratibu. Kwanza uzibwe kwa nyasi kavu, bila kukazwa, kisha utazamwe siku tatu au nne. Nyasi zikisukumwa, yumo mtu ndani, nasi twasema mtu kwa sababu huenda ni mama mwenye watoto, ambaye hubeba mimba zaidi ya miezi saba. Zikikaa kama zilivyowekwa, hapo ndipo saruji iletwe. Kuzika viumbe hai ukutani ni ukatili, na harufu yake itamrudia aliyefanya.

Tuta nalo lihamishwe kadiri iwezekanavyo mbali na mwamba, na kati yake na mawe pawe peupe, pasipo kichaka cha kujifichia. Mahali penyewe pakiwa padogo, na viwanja vya Mkuyuni vingi ni vidogo, wavu wa kufugia kuku utafaa. Hauna haja ya kufukiwa chini sana, kwa kuwa pimbi hachimbi. Hatari yake ni kupanda. Kwa hiyo sehemu ya juu, kama shubiri mbili, isifungwe kwenye nguzo, bali iachwe ilegee na kuinama kwa nje. Apandaye akifika hapo hukuta kitu kinachotikisika, hurudi. Mpapai uviringishiwe bati jembamba shinani, na matawi ya jirani yanayougusa yakatwe. Mbwa aliyefungwa karibu na tuta asubuhi na jioni, katika saa zile za kula, hufanya kazi zaidi ya mtu mwenye manati.

Watoto wafundishwe wasimkamate pimbi kwa mkono, wala wasimchokoe ufani. Meno yale tuliyoyasema hukata sana. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza habari za chanjo ya kichaa cha mbwa, maana mnyama yeyote wa porini aweza kuwa nao.

Kazi hii mtu mmoja hawezi kuimaliza. Ukiondoa lundo lako na jirani akaliacha lake, pimbi watavuka ua tu. Yafaa nyumba zilizozunguka mwamba mmoja zikutane, mwenyekiti wa mtaa akiwapo, zikubaliane siku ya kuondoa mawe, zikubaliane pia kwamba hapana atakayeweka sumu, na vichaka vya juu kabisa kilimani viachwe bila kukatwa ili wale wa mlimani wapate kula kwao. Wavu nao usimamishwe mwezi wa Mei, mvua za masika zikisha katika. Anayengoja Julai, majani ya mlimani yakisha nyauka, atakuta matembele yamekwisha liwa.