Siku Moja Kongwa: Matembezi na Kazi ya Darasani kwa Mwanafunzi Anayesoma Nje ya Nchi Yake

Mwanafunzi kutoka Kenya, Burundi, Kongo au Msumbiji anayesoma katika vyuo vikuu vya jiji la Dodoma hahitaji kusafiri mbali kupata mada ya kazi ya darasani. Kongwa iko mwendo usiofika kilomita 100, upande wa mashariki. Ni mji mdogo wenye jua kali na mibuyu, na kwa mtazamo wa haraka hauna cha kumshangaza mgeni. Lakini katika karne ya 20 ulipitiwa na mambo mawili makubwa yaliyogusa nchi nyingi: mashamba ya karanga ya Waingereza na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Yote mawili yanaweza kufuatiliwa kwa miguu na bodaboda kati ya asubuhi na alasiri, na kuandikwa usiku wa siku hiyohiyo.

Maandalizi

Anayekwenda kutembea tu anatosheka na kitambulisho cha chuo na nakala ya kibali chake cha ukaazi, ambacho kwa wanafunzi wa kigeni ni cha daraja C. Anayetaka kuhoji wazee na kurekodi sauti zao achukue pia barua ya utambulisho kutoka chuoni. Barua hiyo hupelekwa katika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata au kijiji. Hapa ndipo wengi hukwama: Jumamosi ndiyo siku nzuri ya kuwakuta watu nyumbani, lakini ofisi zimefungwa. Kwa hiyo barua itangulie katikati ya wiki. Utafiti wa tasnifu ni jambo jingine, kwani mgeni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na mwalimu msimamizi ndiye wa kuulizwa mapema.

Safari huanza alfajiri. Barabara kuu ya Dar es Salaam hufuatwa hadi Mbande, kisha gari hukata kulia kuelekea Kongwa na Mpwapwa. Kati ya Desemba na Aprili mvua huweza kuharibu njia za vijijini. Kiangazi njia ni kavu, ila jua la saa sita halina huruma, na maji ya kunywa hubebwa.

Mashamba ya karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na chakula kiligawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kongwa ndiko kazi ilikoanza mwaka 1947. Urambo na Nachingwea zilifuata.

Vichaka vya Ugogo, nchi ya Wagogo, vilivunja matrekta, mengi yakiwa mitumba ya jeshi. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kufyekea. Mizizi ilibaki ardhini hata baada ya miti kuanguka, na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali ulikula meno ya majembe. Kiangazi ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, hivyo hata karanga zilizokomaa zilishindikana kung'olewa. Mvua nayo ilikuja ilivyotaka. Mpango ulifutwa Januari 1951, na hasara iliyotangazwa ilikuwa karibu pauni milioni 36.

Mwanafunzi wa kilimo, uchumi au historia ana mengi ya kuandika hapa, hasa akiuliza ni nani aliyeulizwa kabla ya mashine kushushwa. Wagogo walikuwa wakilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe katika nchi hiyo kwa sababu wanazozijua vizuri. Jibu la swali hilo liko pia ardhini: baada ya karanga kushindwa, sehemu ya eneo iligeuzwa malisho, na leo Ranchi ya Kongwa iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO). Kuingia ranchi kunahitaji ruhusa iliyoombwa mapema.

Masalio mengine si rahisi kuyatambua bila mwenyeji. Njia ya reli iliyochepuka kutoka Msagali, katika Reli ya Kati, iling'olewa zamani. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 kulikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyotumia majengo ya mpango wa karanga.

Kambi za wapigania uhuru

Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Tanzania ilianza kuwapokea wapiganaji Kongwa. FRELIMO ya Msumbiji ilitangulia, ikafuatwa na ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji mwaka 1975, aliwahi kuongoza kambi ya FRELIMO hapo. Chris Hani wa ANC aliishi Kongwa kabla ya mapigano ya mwaka 1967 huko Rhodesia.

Kwa mwanafunzi aliye ugenini, sehemu hii ina uzito wa pekee. Wengi wa wapiganaji walikuwa vijana wa rika lake, na baadhi yao walitoka kwao wakitafuta shule, wakajikuta wakishika bunduki. Walinunua vitu kwa wenyeji, wakacheza mpira nao, wakajifunza Kiswahili. Wengine walizaa na wanawake wa Kongwa, kisha wakaondoka kwenda vitani au kurudi kwao. Basi maswali kuhusu baba aliyeondoka hayaulizwi na mgeni wa saa moja. Anayeyataja mwenyewe asikilizwe, na kinasa sauti kizimwe akitaka. Makaburi ya waliofia hapo hutembelewa pamoja na mwenyeji, na picha hupigwa baada ya kuuliza.

Mazungumzo na wazee hutanguliwa na shikamoo, na salamu ya Kigogo, mbukwa, hufungua nyuso. Haraka haifai. Mzee huulizwa kwanza habari za mvua, mifugo na watoto, ndipo mgeni aeleze alichofuata. Akikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, ale.

Kazi ya usiku

Kurudi Dodoma kabla ya giza huacha saa mbili au tatu za kuandika, na hizo ndizo zenye thamani, kwa sababu maelezo ya daftarini yakilala siku tatu hupoteza nusu ya maana. Kwanza hutenganishwa yale yaliyoonekana kwa macho, yale yaliyosemwa na mtu, na yale yaliyosomwa. Mzee anaweza kuweka ujio wa vifaru katika mwaka wa njaa fulani. Hilo huandikwa alivyosema, na tarehe ya kitabuni huwekwa pembeni bila kumsahihisha.

Vitabu navyo vina upande wao. Alan Wood, mwandishi wa The Groundnut Affair (1950), alikuwa afisa habari wa mpango huohuo, kwa hiyo anajua mengi ya ofisini na machache ya vijijini. Kasoro hiyo ikitajwa wazi katika insha, mwalimu huona kuwa mwanafunzi amesoma kweli.

Majina ya waliohojiwa hutumika kwa idhini yao tu. Kazi ikishasahihishwa, nakala moja hupelekwa kwa mtendaji aliyepokea barua, na nyingine kwa mzee aliyehojiwa, ikiwa kwa Kiswahili ili aweze kusomewa na wajukuu.