Mazoezi, Moyo na Misuli

Katika mada hii ni rahisi kuchanganya mambo mawili: kinachotokea mwilini wakati wa mazoezi, na kinachobadilika baada ya miezi ya kufanya mazoezi. Soma swali vizuri ujue linauliza lipi.

Unapokimbia, misuli huhitaji oksijeni na glukosi zaidi, na hutoa kabonidayoksaidi nyingi. Ubongo huhisi ongezeko hilo kwenye damu, nawe huanza kuhema. Moyo hupiga haraka, ukichochewa pia na adrenalini. Mishipa ya damu iendayo kwenye misuli hutanuka, ile ya utumbo husinyaa. Waliowahi kucheza mpira mara tu baada ya kushiba ugali wanalijua hilo.

Baada ya miezi, mambo ni mengine. Ventrikali ya kushoto hupanuka na ukuta wake hunenepa, hivyo kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Linganisha watu wawili waliopumzika:

Asiyefanya mazoezi: mapigo 70 kwa dakika × mililita 70 = mililita 4,900.
Mwanariadha: mapigo 50 kwa dakika × mililita 98 = mililita 4,900.

Damu ni ileile, lakini moyo wa mwanariadha umepiga mara 20 pungufu. Kwa hiyo ukiandika "mazoezi huongeza mapigo ya moyo" bila kutaja ni wakati gani, umejibu nusu. Ongeza kwamba mazoezi ya mara kwa mara husaidia kushusha shinikizo la damu.

Kwenye misuli, nyuzi hunenepa kwa kuongezeka protini. Idadi yake karibu haibadiliki. Mitokondria na kapilari huongezeka.

Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kwa kasi hiyo oksijeni inayofika haitoshi, hivyo sehemu ya nishati hupatikana bila oksijeni na asidi ya laktiki huzalishwa. Kuhema baada ya mbio ni kulipa deni la oksijeni. Lakini maumivu ya misuli ya kesho yake usiyahusishe na asidi hiyo: huwa imekwisha kuondoka. Hutokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi.

Zoezi: Mwanafunzi aliyepumzika ana mapigo 60 kwa dakika, kila pigo mililita 80. Akikimbia, mapigo hufika 150, kila pigo mililita 96. Damu inayosukumwa kwa dakika imeongezeka mara ngapi? (Jibu: mara 3)