Uchovu, Kichwa Kuuma na Miguu Kuvimba: Kusoma Dalili za Ujauzito katika Uwanda wa Ufipa

Ujauzito si ugonjwa, lakini huupa mwili kazi ya ziada kwa miezi tisa, na kazi hiyo huacha alama: kichefuchefu, kiungulia, kufunga choo, maumivu ya mgongo, uchovu, kichwa kuuma na miguu kuvimba. Nyingi kati ya kero hizi hupungua zenyewe au kwa hatua ndogo za nyumbani. Ugumu uko kwenye tatu za mwisho. Uchovu, kichwa kuuma na uvimbe wa miguu ndiyo milango ambayo magonjwa hatari zaidi ya ujauzito huingilia, na mara nyingi hakuna njia ya kuyatofautisha kwa kujisikia peke yake. Makala haya yanazitazama dalili hizo mahali maalumu, yaani uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, ambako mwinuko wa ardhi, baridi na safari za kuteremka maziwani huweza kubadilisha maana ya dalili ileile.

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi hukatika ghafla kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa, ziliko Muze, Mtowisa na Ilemba. Upande wa magharibi huteremka hadi Ziwa Tanganyika, ziliko Kirando, Kipili na Kasanga. Maziwa yote mawili yako chini ya uwanda kwa takribani mita 1,000. Kwa hiyo ndani ya siku moja mjamzito anaweza kutoka penye baridi na mbu wachache akafika penye joto na mbu wengi.

Kero ndogo zisihitaji maneno mengi. Kichefuchefu cha miezi mitatu ya mwanzo hutulizwa kwa kula kidogo kidogo mara nyingi, kula kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, na kunywa maji ya tangawizi. Mama anayetapika kila anachokunywa na kukojoa mkojo mchache wenye rangi nzito amekwisha kuvuka mpaka wa kawaida na anahitaji kuongezewa maji kituoni. Kiungulia hupungua kwa kutolala mara tu baada ya kula na kwa kuinua upande wa kichwa. Kufunga choo hutibika kwa maji ya kutosha, mboga, maharage na ugali wa dona au wa ulezi badala ya sembe iliyokobolewa sana. Katika hili Ufipa ina bahati, kwa kuwa mazao hayo ni ya shambani kwake. Maumivu ya mgongo ni jambo la kutarajiwa pale ambapo matuta ya ntumba hutengenezwa kwa jembe la mkono, kwa kuyageuza majani chini ya udongo ili yaoze. Hakuna zoezi linaloweza kuchukua nafasi ya kumpunguzia mjamzito jembe hilo katika miezi ya mwisho. Maumivu wakati wa kukojoa hayamo katika kundi hili. Hayo ni dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yasipotibiwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuchochea uchungu kabla ya wakati.

Uchovu, pumzi na damu

Mjamzito mwenye afya huishiwa pumzi. Homoni ya projesteroni huuamuru ubongo kuvuta hewa kwa wingi zaidi, na tumbo linapokua huusukuma msuli wa kupumulia juu. Katika mita 1,800 mgandamizo wa hewa, na pamoja nao oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi, ni takribani asilimia 80 ya ule wa pwani. Wenyeji wamezoea hali hiyo, kwa sababu mwili hufidia kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi. Hapo ndipo penye mtego wa kipimo.

Kwa kawaida mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita, na upungufu huo huitwa mkali iwapo iko chini ya gramu 7. Viwango hivyo viliwekwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mtu wa nyanda za juu anapaswa kuwa na himoglobini ya juu zaidi ili oksijeni ileile ifike kwenye viungo vyake. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linashauri kupunguza takribani gramu 1 kutoka kwenye jibu la kipimo kwa wakazi wa mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000. Mjamzito wa Sumbawanga aliyepata 11.2 huonekana salama kwenye karatasi. Baada ya marekebisho ana kama 10, na hiyo ni hali ya upungufu. Wauguzi na madaktari wanaoanza kazi katika uwanda huu wanapaswa kulikumbuka jambo hilo kila wanaposoma jibu lililokaribia mpaka.

Gramu moja hiyo ina uzito wake siku ya kujifungua. Kila mwanamke hupoteza damu anapojifungua, na wachache hupoteza nyingi. Aliyeanza na damu ya kutosha huvumilia hadi msaada ufike. Aliyeanza na kidogo hana akiba ya kungojea gari. Kutokwa na damu baada ya kujifungua kumo miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi nchini, na ingawa makadirio ya kitaifa yameshuka kutoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, upungufu wa damu bado ni mzigo unaobebwa kimyakimya.

Tiba yake huanza mapema. Kila mjamzito anapaswa kumeza kila siku kidonge chenye madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4, na mwenye upungufu huongezewa kipimo kwa uamuzi wa mhudumu. Wengi huviacha vidonge hivyo kwa sababu mbili ambazo hazistahili kuwa siri: huleta kichefuchefu, na huufanya choo kuwa cheusi. Weusi huo hauna madhara. Kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa usiku pamoja na chakula kidogo. Kisichofaa ni kuimeza kwa chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Ni vizuri kuacha saa moja au mbili kati yao. Machungwa, mapapai na mboga mbichi husaidia chuma cha maharage kufyonzwa, nao dagaa na migebuka wa Tanganyika huleta chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi.

Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu safura hunyonya damu taratibu bila kelele. Aliyeishi kando ya ziwa na kuoga humo apimwe pia kichocho, ambacho nacho hutibika wakati wa ujauzito baada ya kipindi hicho. Hamu ya kula udongo, inayowashika wajawazito wengi, isichukuliwe kama jambo la kuchekwa. Mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kuzuia chuma kufyonzwa na kuleta mayai ya minyoo. Mama anayekiri kwamba anaula amempa mkunga taarifa yenye thamani kama kipimo.

Malaria ni sababu nyingine ya uchovu na damu kupungua, na hapa mwinuko humdanganya mtu kwa namna ya pili. Mbu ni wachache uwandani, na wachache hao humnyima mkazi kinga inayojengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara. Mjamzito wa Sumbawanga anayeteremka Muze kulima mpunga, au Kirando kununua dagaa, huenda akaugua malaria kali kwa haraka. Mwenzake aliyezaliwa bondeni anaweza kuwa na vimelea kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote, damu yake ikapungua na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Wote wawili wanahitaji chandarua chenye dawa, na wote hupewa dawa ya SP kliniki kuanzia wiki ya 13, angalau mara tatu, kwa kuacha mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi. Wenye virusi vya Ukimwi wanaotumia kotrimoksazoli hawapewi SP. Asidi ya foliki ya miligramu 5, inayouzwa madukani kama yenye nguvu zaidi, hudhoofisha kazi ya SP; ile ya miligramu 0.4 haina tatizo hilo.

Kichwa kuuma

Kichwa kinaweza kumuuma mjamzito kwa njaa, kiu, usingizi mchache au upungufu wa damu. Katika Ufipa iko sababu moja inayosahaulika. Mwezi Juni na Julai usiku huwa wa baridi kali, na familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huifukuza oksijeni kutoka kwenye damu. Mama huamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo kila mtu atayasingizia mimba. Damu ya mtoto aliye tumboni huing'ang'ania hewa hiyo kwa muda mrefu kuliko damu ya mama. Wengine wa nyumba hiyo wakiamka na kichwa hichohicho, au maumivu yakipungua baada ya kutoka nje, chanzo kiko jikoni. Jiko lizimwe na litolewe nje kabla ya kulala, na baridi ikabiliwe kwa mablanketi.

Sababu inayoogopwa zaidi ni shinikizo la juu la damu la ujauzito. Baada ya wiki ya 20, shinikizo la 140/90 au zaidi pamoja na protini kwenye mkojo, au pamoja na dalili za viungo vingine kuathirika, huonyesha hali inayotangulia kifafa cha mimba. Mwanzoni mama huweza asihisi chochote. Baadaye huja kichwa kisichotulia kwa dawa ya kawaida, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, ambayo mara nyingi huitwa kiungulia. Kinachofuata ni degedege.

Jina la Sumbawanga limebebeshwa nchini hadithi nyingi za uchawi, nyingine za mzaha na nyingine zisizo na mzaha. Uzito wake huonekana pale mama mjamzito anapoanguka na kutetemeka, na wakubwa wa nyumba, mama mkwe na wajomba, wakashauriana kuhusu nani amemroga. Hakuna haja ya kubishana nao juu ya imani usiku huo. Mgonjwa alazwe kwa ubavu wa kushoto, asishikwe kwa nguvu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na safari ya kituo cha afya ianze mara moja, kwa kuwa sindano ya magnesiamu salfeti huzuia degedege lisirudie na hakuna dawa nyingine ya nyumbani wala ya mganga ifanyayo kazi hiyo. Waliowahi kupata hali hii, wenye mapacha, wenye kisukari au shinikizo la damu la zamani waanze kliniki mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 12, kwa sababu aspirini ya kipimo kidogo inayopunguza hatari hufaa zaidi ikianzwa kabla ya nusu ya kwanza ya ujauzito kwisha. Pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, vidonge vya kalsiamu navyo hupunguza hatari. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na maziwa, ni chanzo cha karibu cha madini hayo.

Miguu

Uvimbe wa vifundo unaokuja jioni na kupungua asubuhi ni wa kawaida. Kukaa na miguu iliyoinuliwa na kulala kwa ubavu hutosha. Kupunguza chumvi hakuzuii kifafa cha mimba, ingawa ushauri huo bado hutolewa. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono unahitaji kupimwa shinikizo siku hiyohiyo. Mguu mmoja uliovimba na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda. Miguu iliyovimba pamoja na kukosa pumzi akilala chali, au kikohozi cha usiku, huelekeza kwenye moyo.

Safari ya kituoni

Mvua za Ufipa hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na katika miezi hiyo njia za kupanda kutoka bondeni huwa ngumu. Familia ya Mtowisa ambayo mtoto wao anatarajiwa Januari ipange safari tangu Novemba: mama atakaa wapi wiki mbili za mwisho, nani atabaki na watoto, fedha ziko kwa nani. Kadi ya kliniki isitiwe sandukuni. Iwe mahali ambapo hata jirani anaweza kuichukua. Kutokwa na damu, maji kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza, homa au degedege ni dharura, na namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kuomba usafiri.

Namba hiyo isifutwe kwenye simu mara tu mtoto anapozaliwa. Kifafa cha mimba huweza kumpata mama ambaye ujauzito wake wote ulikuwa salama, hasa katika siku za mwanzo baada ya kujifungua na wakati mwingine hadi wiki ya sita. Kichwa kinachomuuma mzazi wa siku tatu hupimwa shinikizo kwanza, kabla ya kuambiwa ni usingizi mchache.