Kutibu Minyoo ya Mbuzi wa Maziwa Bila Kuhatarisha Wanywaji

Wafugaji wa mbuzi wa maziwa katika milima yenye mvua, kama Mgeta mkoani Morogoro au Meru nchini Kenya, wana neema ya majani mabichi mwaka mzima. Lakini penye unyevu, minyoo nayo hustawi. Hatari zaidi ni ile inayofyonza damu ndani ya tumbo la nne. Mnyoo mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000 humaliza mililita 50. Maziwa hupungua, mbuzi hudhoofika, na pengine huvimba chini ya taya. Mara nyingi haharishi, ndiyo maana wengi huchelewa kugundua.

Kagua kope kwanza

Usiwanyweshe mbuzi wote dawa kwa mkupuo. Ukifanya hivyo mara kwa mara, minyoo huwa sugu. Tumia FAMACHA, njia iliyobuniwa Afrika Kusini. Mpeleke mbuzi kwenye mwanga wa jua, bonyeza kope la juu taratibu, vuta la chini, kisha linganisha rangi ya ndani na kadi yenye alama 1 hadi 5.

- 1 na 2, nyekundu: hahitaji dawa.
- 3, waridi: mpe dawa akiwa na mimba, ananyonyesha, anakamuliwa au bado mdogo.
- 4 na 5, iliyopauka hadi nyeupe: mtibu mara moja.

Msimu wa mvua, kagua kila baada ya wiki 2. Kupauka kwa kope huletwa pia na magonjwa ya kupe na minyoo ya ini, hivyo kipimo cha kinyesi kina faida kubwa.

Kipimo cha dawa

Mpime mbuzi uzito, usikisie. Mwili wa mbuzi huondoa dawa nyingi haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo huenda kisitoshe. Daktari wa mifugo ndiye apange kipimo, na akikiongeza, mwulize pia siku mpya za kusubiri maziwa. Mwambie kama mbuzi ana mimba: albendazole haifai mwanzoni mwa mimba.

Maziwa yasubiri

Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini hakuondoi masalia ya dawa. Ivermectin, kwa mfano, hukaa kwenye mafuta ya maziwa, na vibandiko vingi vya sindano yake vinakataza kumpa mnyama anayekamuliwa. Soma kibandiko kabla ya kulipa dukani.

Baada ya dawa, mfunge mbuzi kitambaa chekundu shingoni ili kila anayekamua ajue. Andika jina la dawa, tarehe na saa. Kama dawa imetolewa Jumatatu asubuhi na muda wa kusubiri ni siku 4, maziwa yataanza kutumika Ijumaa asubuhi. Katikati hapo endelea kukamua ili kiwele kisiugue. Mkamue mwisho, kwenye chombo chake, na maziwa hayo uyamwage. Usimpe jirani wala usiyachanganye na ya kuuza.

Punguza haja ya dawa

Mabuu ya minyoo hupanda majani mafupi yenye umande. Jenga banda lililoinuliwa, lenye sakafu inayopitisha kinyesi, na weka malisho kwenye hori la juu. Mkague kila mbuzi anapokaushwa maziwa. Akihitaji dawa wakati huo, utamtibu bila kumwaga hata kikombe kimoja.