Nyumba Mbili, Darasa Moja

Watoto wawili wa Madibira wameandikishwa darasa la kwanza siku moja. Mwalimu wao ni mmoja. Dawati lao ni moja. Je, watafika mbali sawasawa? Tusome tuone.

Nyumba ya kwanza

Baba ana majaruba yake mwenyewe na pawatila ya kulimia. Mama alimaliza kidato cha nne. Mpunga ukivunwa huwekwa ghalani, hauuzwi mpaka bei ipande. Jioni taa inawaka. Mama anakagua daftari. Mtoto akishindwa hesabu, yupo wa kumwuliza.

Nyumba ya pili

Mama analea watoto peke yake. Jaruba analolima ni la kukodi. Alipokosa fedha za kulimia, aliuza mpunga ungali shambani, kwa bei ndogo. Hakuuza kwa kupenda. Aliuza kwa shida. Siku ya mavuno, magunia mengi si yake tena.

Mpunga unapoanza kukomaa, kweleakwelea huja kwa makundi makubwa. Lazima mtu aamie ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mama hana fedha za kumlipa kibarua. Basi mtoto anabaki shambani. Wiki tatu zinapita. Akirudi darasani, wenzake wamekwisha jifunza kugawanya. Yeye haelewi, na anaona haya kuuliza. Watu wanasema, "Mtoto huyu hana akili." Si kweli. Akili anazo. Alichokosa ni zile wiki tatu.

Jambo hili lina historia

Wakati wa ukoloni, Waingereza waliifungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki. Alianza shule Musoma mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937. Wakati huo watoto wengi wa wakulima hawakuuona mlango wa darasa.

Baada ya Uhuru, mlango huo ulifunguliwa hatua kwa hatua. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1974 chama cha TANU, kikikutana Musoma, kiliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Katika miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mbaya, na wazazi wakaanza kulipa tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ilifutwa tena. Mwaka 2016 ilifutwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali. Mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na cha sita.

Mlango umefunguliwa. Lakini njia ya kuufikia si sawa kwa wote. Sare, daftari, chakula na chumba cha kupanga karibu na sekondari bado vinataka fedha.

Mali na elimu

Mtoto wa nyumba ya kwanza akifika chuo, atapata kazi nzuri au biashara. Watoto wake nao watazaliwa penye taa na vitabu. Mtoto wa nyumba ya pili akiishia njiani, huenda akawa kibarua katika shamba la mwenzake. Watoto wake nao wataamia ndege. Ndivyo umaskini unavyorithiwa, kama vile shamba linavyorithiwa.

Tufanye nini?

1. Majirani wenye majaruba ya karibu waamie ndege kwa zamu, watu wazima kwa watu wazima. Mtoto aende shule.

2. Tuweke akiba katika kikundi baada ya mavuno. Mwenye shida akope humo, asiuze mpunga ungali mbichi.

3. Katika mkutano wa kijiji tuzungumze habari ya chakula cha shuleni. Mtoto mwenye njaa hasikii somo. Tukubaliane pia jinsi ya kumsaidia mzazi asiyeweza kuchangia, ili mtoto wake asikose chakula.

4. Wewe uliyejifunza kusoma, umekwisha kuanza kuibadili nyumba yako. Leo jioni mwambie mtoto alete daftari. Msome pamoja. Hata kama hesabu zake huzijui, mwulize amejifunza nini. Atajua kwamba kuna mtu anayemfuatilia.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mama wa nyumba ya pili aliuza mpunga mapema?

2. Mtoto wake alikosa nini: akili au nafasi?

3. Ada imefutwa. Ni gharama gani zimebaki?

4. Katika kijiji chako, nani huamia ndege siku za shule?

5. Andika sentensi tatu juu ya jambo moja utakalofanya kwa ajili ya mtoto wako au wa jirani.