Programu ya Kikoba: Uikague Kabla, au Uichunge Ikiwa Kazini?

Unaunda programu ya kikoba hapa Sombetini? Makosa utayanasa kwa njia mbili: kuukagua msimbo bila kuuendesha, au kuichunga programu ikiwa inafanya kazi. Fedha ni za watu wanaojinyima kila wiki, kwa hiyo usichague kwa mazoea.

1. Anza na ukaguzi wa msimbo. Android Studio inakuja na Lint, na haikudai hata shilingi. Makosa mengi ya uzembe utayaona kabla programu haijafika kwenye simu ya mwanachama.

2. Usiutegemee kwa kila kitu. Tangu mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna mbinu moja inayoweza kutabiri kama kila programu itafika mwisho au la. Ndiyo maana zana hizi mara hulalamika pasipo kosa, mara hunyamaza penye kosa.

3. Salio lichungwe kila muamala. Hapa ndipo wengi huumia. Tuseme unahifadhi fedha kwa senti, katika namba kamili ya biti 32. Kikomo chake ni 2,147,483,647, yaani shilingi milioni 21 na laki nne na ushei. Wanachama 30 wakiweka shilingi 15,000 kila wiki, wiki ya 48 wamekipita, na salio linageuka hasi kimyakimya wakati watu wanajiandaa kuvunja kikoba Desemba. Lint haijui wanachama wako wanaweka kiasi gani. Tumia namba ya biti 64, na ujumlishe kwa Math.addExact, ambayo hukataa badala ya kudanganya.

4. Amua mapema nini kifuate kosa likinaswa. Roketi ya Ariane 5 iliharibika tarehe 4 Juni 1996, chini ya sekunde 40 baada ya kupaa. Namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye biti 16. Kosa lilinaswa palepale, lakini kompyuta za uelekezaji zikajizima. Kwako wewe, muamala ukataliwe, salio la awali libaki, na mweka hazina apate ujumbe unaoeleweka.

5. Jaribu mtandao ukikatika katikati ya malipo. Hilo msimbo uliolala hauwezi kukuonyesha.

Ukiwa na jioni moja tu, washa Lint, rekebisha inachokuonyesha, kisha muda wote uliobaki utumie kwenye salio.