Springi za Valvu Zilizogoma

Wakulima wengi wa kando ya mto Tana, kutoka Hola na Wenje mpaka Ngao na Garsen, humwagilia mashamba kwa pampu za dizeli. Mto ukifura, injini huvutwa juu ya ukingo ikakaa bandani wiki nyingi. Katika mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya mwaka 2024, maji yaliingia hata vijijini. Na injini iliyofikiwa na maji ya matope hushika kutu upesi.

Basi kiangazi kimefika, mpunga na migomba inataka maji, nawe unazungusha hendeli. Ikiwa yazunguka kwa wepesi usio wa kawaida na haiwaki, huenda valvu hazifungi sawasawa. Ni lazima kichwa cha silinda kifunguliwe, valvu zitolewe zikasagwe. Hapo ndipo watu wengi hukwama.

Angalia jinsi springi inavyoshikwa. Juu yake pana sahani ndogo ya chuma yenye tundu katikati. Ndani ya tundu hilo mna kabari mbili ndogo zinazoukumbatia mti wa valvu. Springi huisukuma sahani juu, na sahani huzibana kabari. Kutu na masizi yakiingia hapo, vitu hivi vitatu hugandamana vikawa kama kimoja. Ukitia kibanio na kukaza, springi haishuki. Ukizidi kukaza, kibanio hupinda, au springi huachia kwa ghafula na kabari zikaruka usoni. Jicho haliuzwi dukani, wala fundi wa Malindi yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen.

Kwa hiyo usishindane nayo kwa nguvu ya kibanio. Kwanza paka dizeli au mafuta ya taa penye kabari, uache usiku mzima. Usitie moto kabisa, maana springi iliyopashwa moto hupoteza nguvu zake.

Asubuhi kilaze kichwa cha silinda juu ya meza imara, na chini ya uso wa valvu weka kipande cha mbao kigumu, ili valvu isiweze kushuka. Chukua boksi spana au kipande cha bomba kinachokaa juu ya sahani bila kugusa mti wa valvu. Funika kwa kitambaa, vaa miwani, kisha piga bomba hilo kwa nyundo pigo moja la mkato. Sahani hushuka kidogo na kabari huachia. Pengine huruka zikabaki kitambaani. Isipoachia, rudia kupaka mafuta, upige tena. Sasa kibanio kitafanya kazi yake bila taabu. Zitoe kabari kwa ncha ya bisibisi iliyopakwa grisi.

Wako wanaofanya kazi hii bila kuondoa kichwa cha silinda, pistoni ikiwa juu kabisa. Kwa springi iliyogandamana haifai, kwani pigo la nyundo laweza kuigongesha valvu kwenye pistoni na kuipinda.

Valvu ikikataa kutoka hata baada ya springi kuondoka, usiigonge. Papasa ncha ya mti wake: mara nyingi imefura kwa kupigwapigwa miaka mingi. Ipige tupa mpaka iwe laini, ndipo uivute, la sivyo itakwaruza njia yake.

Weka kila valvu pamoja na springi na kabari zake mwenyewe, ya kuingiza hewa mbali na ya kutoa moshi. Isimamishe springi kando ya mpya; ikiwa fupi kuliko mwenziwe, nunua nyingine.

Wakati wa kurudisha, paka oili kwenye mti wa valvu. Kabari zikiisha kukaa, gonga ncha ya mti kidogo kwa nyundo ya mbao uone kama zimeshika. Pima nafasi ya valvu kama kitabu cha injini kisemavyo, kisha zungusha gurudumu kwa mkono mara mbili kamili kabla hujaiwasha.